Siku Mwongera Alipoinunua Landikruza ya Dabasso

Mwongera aliiona Landikruza kabla ya kumwona mwenyewe. Ilisimama mbele ya duka lake la spea, pale Isiolo mjini, rangi yake ya maziwa imefunikwa na vumbi, bomba la kupumulia limepanda ubavuni hadi juu ya paa, na yeye akaitambua kama mwanamume anavyomtambua mchumba aliyeolewa na mwingine. Majuma machache nyuma ilikuwa mali ya shirika moja la wageni lililokuwa likifunga ofisi zake. Waliiuza kwa bahasha: kila mwenye hamu aandike bei yake, afunge, asubiri. Mwongera alikuwa ameipigia mahesabu tangu ikiwa kazini. Aliandika bei ya chini, bei ya mjanja, kwa kuwa alijua mafundi wa mjini hawana pesa na wenye pesa hawajui magari. Aliwasahau wachuuzi wa ngamia.

Aliyeshuka alikuwa mwanamume mrefu wa umri kama wake, kikoi kiunoni, kofia ya kufuma kichwani. Alifunga mlango wa gari taratibu, kama anayefunga zizi.

"Salaam aleikum."

"Habari, mzee," akajibu Mwongera.

"Nataka springi ya nyuma. Hii ya sasa imelala."

Mwongera alitaja bei. Ilikuwa bei ya springi, na juu yake uchungu wa bahasha. Yule mtu hakupiga kelele wala hakucheka. Alivuta tairi kuukuu, akaketi juu yake mlangoni, mahali ambapo kila mteja angelazimika kumruka ili aingie.

"Hiyo bei ni ya springi ama ya gari?"

"Ya springi, mzee. Gari si ulipata bure."

"Sikupata bure. Niliuza ngamia."

"Ngamia wangapi?"

Yule mtu alimtazama kama aliyeulizwa rangi ya nguo ya ndani ya mkewe. "Kwetu mtu haulizwi hivyo," akasema, kisha akataja nusu ya bei na kunyamaza.

Mwongera alikuwa amebishana na Wameru wenzake, na Wasomali, na Waturkana, na makarani wa serikali wanaotaka risiti ya uongo. Hakuwa amewahi kubishana na mtu anayenyamaza. Kila aliposhusha kidogo, yule mtu alitikisa kichwa kwa upole na kuendelea kutazama barabara. Wateja wawili walichungulia, wakaona mlango umezibwa, wakavuka kwenda duka la pili. Mwishowe springi ilitoka kwa bei ambayo faida yake isingenunua chai na mandazi.

Na hata hilo lisingemuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba yule mtu, akiwa ameshapanda garini, alitoa kichwa dirishani na kusema, "Wewe ndiye Mwongera. Nimeambiwa uliitaka hii gari. Pole." Alisema bila kejeli yoyote. Mwongera angeipokea kejeli vizuri zaidi. Kejeli ina majibu yake.

Huyo ndiye Dabasso.

Habari zake hazikuwa ngumu kupata, na Mwongera alizikusanya moja moja. Dabasso alizaliwa upande wa Sericho, ukame ukamaliza ng'ombe wa baba yake, akaja mjini kwa miguu akiswaga mbuzi wa watu wengine. Pale soko la mifugo alifanya udalali: kusimama katikati ya mwenye mnyama na mwenye pesa mpaka wote wawili wachoke, yeye apate chake. Polepole akawa na ngamia wa kwake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mwongera pia, ambaye aliteremka kutoka milimani na gunia la miraa begani, akalala kwenye vibaraza, akaosha injini kwa dizeli mpaka kucha zikabadilika rangi, na sasa alikuwa na duka, na ploti mbili mtaa wa Bulla Pesa, na mke anayeimba kwaya. Kwa hesabu ya kawaida, walikuwa sawa. Kwa hesabu ya ploti, Mwongera alikuwa mbele.

Lakini Dabasso akipita, watu huinuka. Mama muuza maziwa huinuka. Askari wa barabarani hushusha mkono. Mwongera akipita, watu hukumbuka kwamba wana deni. Alilitafakari jambo hili mara nyingi akiwa ameketi dukani, na alichogundua ni kwamba kila mara Dabasso alipita akiwa ndani ya Landikruza. Basi akaamua kwamba heshima ile ni ya gari, na gari lilipaswa kuwa lake.

Na jinsi Dabasso alivyoliendesha! Hakuwa dereva yule; alikuwa mchungaji. Alilipigia honi kama anayemfokea dume, na gia ya pili aliisaga hadi Mwongera, ng'ambo ya barabara, akafumba macho kwa maumivu. Tena hakuwa malaika, watu wasije wakadhani. Mwenye gunia la chumvi alilipa nauli yake na ya gunia. Mbuzi alilipa. Kuku alilipa, na kama alitaga njiani yai lilikuwa la gari. Ila mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua akitolewa upande wa Sericho, au mgonjwa aliyebebwa kwa blanketi, hao hawakuulizwa kitu, na ni hao tu waliosimuliwa mjini. Wale kuku hakuna aliyewataja.

Kila Dabasso alipokuja dukani, ilikuwa mazungumzo yaleyale.

"Mzee, uza hii gari."

"Bado."

"Nitakupa bei nzuri."

"Najua. Bado."

Miaka ilienda hivyo, mmoja akisema uza na mwingine akisema bado, mpaka macho ya Dabasso yakaanza kuingia ukungu. Siku moja aligonga ua wa mabati wa hoteli moja, akashuka akalitolea salaam bati lililoanguka, akidhani ni mtu. Mji ulicheka wiki nzima. Mwongera hakucheka, alikuwa anapiga hesabu. Alijua pia kwamba wana wawili wa Dabasso, mmoja yuko Nairobi na mwingine Garba Tula, wamekwisha kununiana juu ya nani atalirithi gari. Mzee asiyeona, wana wasiosemezana: bei ya namna hiyo haiji mara mbili.

Alivaa koti, akanunua sukari na majani ya chai kama inavyotakiwa, akaenda nyumbani kwa Dabasso. Alimkuta ameketi kwenye mkeka nje ya mlango. Landikruza haikuwepo uani.

"Umechelewa, rafiki yangu," akasema Dabasso kabla ya kuulizwa. "Nimeshatoa."

"Kwa bei gani?"

"Nimetoa."

"Nimesikia umetoa. Nauliza kwa bei gani."

"Mwongera, nimetoa. Nimempa Sista Nimo."

Sista Nimo alikuwa muuguzi aliyestaafu. Miaka yake yote aliipitisha katika wadi ya wazazi, na alipotoka alianzisha kikundi cha kusafirisha wajawazito kutoka sehemu za mbali hadi hospitali. Kikundi chenyewe kilikuwa simu yake, wanawake wachache wa Bulla Pesa, na pikipiki za kukodi. Mwongera alimfahamu; ndiye aliyemzalisha mke wa Mwongera.

"Umempa bure," akasema Mwongera.

"Sasa ningemuuzia na hana pesa?"

"Ungeniuzia mimi, mzee, halafu wewe ukampa yeye hizo pesa. Kila mtu angefurahi."

"Yeye hakutaka pesa. Alitaka gari."

"Na wanao?"

Hapo Dabasso alitabasamu, na Mwongera akaona kwamba macho yanaweza kuwa na ukungu na kichwa kisiwe nao. "Walikuwa wanapigania gari. Sasa gari haiko. Jana wamepigiana simu, wananiteta mimi pamoja. Nimelala vizuri."

Mwongera alikunywa chai ya sukari yake mwenyewe, akarudi nyumbani. Hasira ilikuwa bado changa. Ilikomaa Ijumaa, aliposikia kwamba msikitini Dabasso ameombewa dua. Ikakomaa zaidi kwenye baraza la chifu, ambako alitajwa kama mfano wa raia mwema. Lakini Jumapili ndiyo iliyovunja kila kitu. Mchungaji wake mwenyewe Mwongera, katika kanisa ambalo Mwongera aliligharimia vipaza sauti, alisimama mimbarini na kumwombea Dabasso kwa jina.

"Yeye si wa kwetu," akamwambia mkewe, Karwitha, wakirudi.

"Mungu haulizi kadi ya kanisa, Baba Mutwiri."

"Zile spika nilinunua mimi. Ameombewa kwa spika zangu."

"Basi nawe toa kitu uombewe."

Aliharakisha hatua. Lakini neno lilikaa naye, na kesho yake alienda kwa Sista Nimo, si kutoa, bali kununua. Alimkuta amesimama mbele ya ile Landikruza na ndoo ya maji, mikono ya deraa imekunjwa, akilisugua gari kama anayemwosha mtoto aliyetoka kucheza matopeni.

"Sista, nimekuja kukuokoa. Hii gari inakunywa dizeli vibaya. Matairi yameisha, bima iko karibu kuisha, na klachi nakwambia haina mwaka. Itamaliza kikundi chako. Niuzie mimi, ununue ka-Probox kadogo, ubaki na pesa."

"Probox itafika Sericho mvua ikinyesha?"

"Mvua Sericho inanyesha lini?"

Nimo alicheka, akakamua kitambaa. "Maneno yako ni ya kweli, Mwongera. Dizeli hatuna, matairi hatuna. Ndiyo maana Jumamosi tunafanya harambee. Kuja. Na usikuje mikono mitupu, watu wanasema wewe ni tajiri."

"Watu wanasema mengi."

"Hata hayo mengine nimesikia."

Harambee ilifanyika uwanja wa shule, Bulla Pesa. Palikuwa na hema mbili na viti vya plastiki, na katikati, imeoshwa na kufungwa utepe mwekundu puani, Landikruza. Mwongera alikaa mstari wa pili na Karwitha. Alikuwa amejipanga kutoa mchango wa kadiri, ule wa kutosha kusomwa kwa sauti lakini usiotosha kuuma. Katika koti lake kulikuwa na kitabu cha cheki, kwa sababu hakuwahi kutembea bila hicho. Na benki kulikuwa na pesa alizokuwa ameweka kununua ploti ya tatu, ile iliyopakana na zile zake mbili, ambayo Jumatatu angeenda kulipia.

Msimamizi alikuwa Mwalimu Gitobu, mzee wa kanisa na bingwa wa harambee kutoka hapa hadi Meru. Gitobu alikuwa na sauti inayoweza kumtoa nyoka pangoni, na akishaanza kujisikia hakujua kusimama. Jua lilipogeuka, Waislamu waliinuka kwenda kuswali alasiri msikiti wa jirani, na Dabasso akaenda nao, ameshikwa mkono. Gitobu hakutaka uwanja upoe. Akaleta keki.

Keki ya harambee hainunuliwi ili iliwe. Mtu huipandia bei mpaka awashinde wengine, analipa, halafu anainuka na kusema, "Irudi." Watu wanapiga makofi, keki inarudi mezani, inauzwa upya kwa mwingine, naye anasema irudi. Ndivyo wanavyofanya watu wa milimani makanisani mwao tangu zamani, na kila aliyekulia huko anajua kwamba asiyesema irudi ni afadhali asingekuja. Keki ile ilizunguka hivyo, kisha likaletwa beberu. Beberu aliuzwa na kurudi, akauzwa na kurudi, na muda wote alikuwa amefungwa kwenye nguzo ileile akitafuna utepe wake, asijue amekuwa na mabwana wangapi.

Walioenda kuswali waliporudi na kuketi, Gitobu alikuwa amelewa sauti yake. Aliangaza macho uwanjani, akaona gari.

"Na hii je?" akasema. "Kama beberu amepita, hii nayo si ipite kidogo tupate matairi? Nani ananipa laki moja?"

Sista Nimo alipunga mkono kwa nguvu, hapana, hapana. Gitobu alidhani anashangiliwa.

Watu walicheka, na wenye utani wakaanza. Laki moja, akasema mwenye hoteli. Na nusu, akasema mwingine, mikono nyuma ya kichwa, kama anayeagiza soda. Mwongera akaanza kupiga hesabu. Desturi ni desturi, lakini sheria ni nyingine. Hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu kutamka irudi. Gari limewekwa mnadani hadharani, msimamizi anauliza bei, nyundo ikianguka imeanguka. Watanung'unika wiki mbili, kisha watachoka. Akanyoosha mkono.

"Laki mbili."

"Laki tatu," ikajibu sauti nyuma yake.

Watu wote waligeuka, kisha wakaangua kicheko, maana aliyesimama alikuwa Dabasso. Mwenye kutoa gari analinunua. Gitobu alifurahi hadi akapiga magoti. Lakini Dabasso hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama wima, fimbo mbele yake, uso umekaza, kama siku ile juu ya tairi kuukuu. Na Mwongera akaelewa mara moja. Mzee hakuwepo wakati wa keki. Yeye anajua soko moja tu, lile la mifugo, ambako mnyama akiuzwa anatoka langoni na hageuki. Alichokisikia baada ya kurudi kutoka msikitini ni kwamba zawadi yake imepigwa mnada kwa kukosa dizeli, na alikuwa amesimama kuikomboa.

Uwanja mzima ulikuwa unacheza. Wawili tu ndio waliokuwa wakinunua.

"Laki nne," akasema Mwongera.

"Na nusu."

"Baba Mutwiri," Karwitha akanong'ona, "umetoa ya kutosha. Mwachie mzee."

"Tano."

"Na nusu," akasema Dabasso, sauti imeshuka kidogo.

"Laki sita."

Dabasso aliegemea fimbo. Midomo yake ilicheza, na Mwongera alijua kinachohesabiwa hapo ni ngamia, mmoja mmoja kwa jina. Kisha mzee akafungua kiganja, akaketi. Gitobu akahesabu moja, mbili, tatu, akapiga meza.

"Imeenda kwa Bwana Mwongera, Mungu ambariki! Sema sasa, Bwana Mwongera, tusikie wote."

Mwongera aliandika cheki akiwa amesimama, akatembea hadi mbele, akaiweka mezani kwa mweka hazina, akanyoosha mkono.

"Funguo."

Gitobu alicheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Unasema irudi?"

"Sijasema irudi. Nimesema funguo. Kwani mnada ni nini, Mwalimu? Umeuza, nimenunua, nimelipa."

Kuna ukimya wa watu wanaosikiliza na kuna ukimya wa watu wanaotafuta jiwe. Mwanamke mmoja, nyuma kabisa, ndiye aliyeuvunja.

"Mwacheni achukue. Pengine yeye ndiye ana uchungu."

"Atazaa springi," akasema mwingine.

"Mapacha."

 Sista Nimo alikuwa amesogea hadi kwenye gari na kuweka mkono juu ya boneti, si kwa kulizuia, bali kama mtu anayehisi joto la mgonjwa. Karwitha alikuwa ameinamisha kichwa, mkoba magotini.

Ndipo Dabasso akaja mbele, akipapasa njia kwa fimbo. Watu wakamfungulia njia, wengine wakitumaini kwamba sasa ile fimbo itapata kazi. Alipomfikia Mwongera aliingiza mkono ndani ya koti lake mwenyewe na kutoa ufunguo wa akiba, uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

"Huu ulibaki kwangu. Chukua." Kisha akawageukia watu. "Msimtukane. Ameinunua mbele ya macho yenu, na bei ameshinda. Soko ni soko." Akamgeukia tena Mwongera, sasa kwa sauti ya chini, ya watu wawili tu. "Gia ya pili usiilazimishe. Ingoje."

Mwongera alishika ufunguo. Huo ndio wakati alioungoja miaka yote, na kwa muda wa pumzi moja ulikuwa mtamu sawasawa na alivyoukadiria. Gari lake. Jina la Dabasso limetoka ndani yake kama stika iliyobanduliwa. Alishaanza kuona mahali atakapoliegesha, mbele ya duka, pua ikitazama barabara.

Dabasso alikuwa ameshamwacha na kwenda kwa Nimo. Alikuwa na tabia ya wazee wanaoona kidogo ya kuzungumza kama kwamba wengine nao hawasikii.

"Usihuzunike, binti yangu. Pesa yake si umepata? Kesho nitapeleka ngamia sokoni, tuweke juu ya hiyo. Tutanunua nyingine, changa kuliko hii. Hii ilikuwa imezeeka pamoja na mimi."

Aliyeanza vigelegele hakujulikana. Vilipanda kutoka upande wa wanawake, vikaingia hema zote mbili, na uwanja ukainuka. Watu walikuwa wanasimama juu ya viti kumwona mzee asiyewaona. Gitobu alikuwa analia kweli, machozi yakiingia katika kipaza sauti. Na Mwongera alikuwa amesimama palepale na ufunguo mkononi, na hapakuwa na jicho hata moja lililomtazama, hata kwa chuki.

Akapiga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Yeye atatoka hapa na gari kuukuu, klachi haina mwaka. Dabasso ataleta jipya, na kila atakayebebwa nalo atasema Dabasso ametoa mara mbili. Na la pili, ajabu, litakuwa limenunuliwa kwa sehemu kubwa na cheki ya Mwongera. Kila atakapopita barabarani na Landikruza, watu watasema lile ni la kwanza, lile alilolitoa kabla ya kutoa la pili. Amemnunulia mwenzake jina kwa laki sita, na nusu ya jina hilo ataiendesha yeye mwenyewe. Hesabu ile aliizungusha kila upande, na kila upande ilimtoa Dabasso juu.

Palikuwa na njia moja tu ya kumzuia yule mzee asitoe tena.

"Irudi," akasema Mwongera.

Hakuna aliyesikia. Akamnyang'anya Gitobu kipaza sauti.

"Nimesema irudi. Gari irudi. Na cheki ibaki."

Aliposikia sauti yake ikitoka kwenye spika, alikuwa ameshajuta. Lakini neno la kipaza sauti halimezwi. Gitobu alimkumbatia, wanawake waliotaka azae mapacha walimpigia makofi, na Karwitha aliinua kichwa, macho yake yakimtazama mumewe kama mtu aliyekuta pesa katika nguo ya zamani. Mwongera hakumtazama. Alikuwa anamtafuta Dabasso; alitaka kuuona uso wake akishindwa.

Dabasso alikuwa amechanganyikiwa. "Irudi wapi?" akamuuliza Nimo.

Nimo, akicheka na kupangusa macho, alimweleza: keki, beberu, irudi. Ilibidi amweleze mara mbili. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa, na watu wakamletea maji.

"Kumbe ni mchezo," akasema. "Kwa hiyo mimi kama ningeshinda, ningelipa, na gari ibaki hapahapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ngamia wangu wangeenda."

"Wangeenda."

Dabasso alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Mwongera, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na kusema kwa sauti iliyofika kote, "Rafiki yangu, umeniokolea mifugo. Sitasahau. Kila siku nilikwambia bado, nawe hukukasirika."

Hapo ndipo Mwongera alipotamani kuketi.

Yaliyofuata yalikuwa ya kibiashara, na humo Mwongera hakulala. Jumatatu, badala ya kwenda kulipia ploti, alienda kwa Sista Nimo na kudai jina lake liandikwe kwenye mlango wa gari. Nimo alikubali. Akadai liwe juu ya la Dabasso, kwa kuwa laki sita ni pesa taslimu na gari lilikuwa chakavu. Nimo alikwenda kumuuliza Dabasso, na Dabasso akasema hata lake lisiandikwe, yeye hasomi. Mwongera alikataa hilo kwa nguvu. Alishaona mtego wake: jina lisiloandikwa litasimuliwa zaidi. Yakaandikwa yote mawili, la Mwongera juu, kwa herufi za kijani. Akadai pia kwamba spea zote za kikundi zinunuliwe dukani kwake, na hilo nalo akapata, kwa bei ya kila mtu, bila punguzo.

Kikundi kilipata matairi mapya na dizeli ya miezi mingi, na Landikruza sasa inaenda Sericho na kurudi, mvua au vumbi. Dabasso ngamia wake wako wote. Aliuza mmoja tu, kwa hiari yake, akatengenezwa macho. Wanawe wanasemezana. Akitaka kwenda kwao anapanda kiti cha mbele bila nauli, jambo ambalo yeye mwenyewe asingemruhusu mtu.

Mwongera aliombewa kanisani, mara moja, baada ya Dabasso, katika pumzi ileile. Wateja wa upande wa Sericho wameongezeka, kwa sababu wanaosoma wamewasomea wengine mlango, na faida yake si haba. Ile ploti ya tatu ilichukuliwa na mtu mwingine, ambaye amejenga vyumba vya kupanga vinavyopakana ukuta mmoja na ploti za Mwongera, na kila mwisho wa mwezi Mwongera huwasikia wapangaji wakilipa ng'ambo.

Na gari linapoharibika, dereva wa kikundi humpigia simu.

"Bwana Mwongera, nataka klachi. Ya gari ya Dabasso."

"Gari ya nani?"

Dereva hudhani ni mtandao, husogea mahali palipo wazi, na kurudia kwa sauti zaidi: "Ya Dabasso."

Mwongera humtajia bei ya klachi, na kuongeza kidogo juu.